Anamalizia nyumba za mji mzima, ubao wa kwake haugusi

Saa mbili asubuhi, Oddvar Skjelbred amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko la watu. Shavu moja liko chini kabisa. Jicho moja amelifumba, na lile lililo wazi linafuata mstari ambapo ukuta unakutana na sakafu, taratibu, kama mtu anayetazama barabara ndefu isiyo na gari. Nje, theluji ya mwisho inayeyuka juu ya paa na matone yanaanguka mbele ya dirisha. Jua la Aprili limeingia ndani hadi kwenye miguu ya meza, na vumbi la mbao linaelea katika mwanga huo bila haraka ya kutua.

"Anapima au amelala?" Bente Sørli anamuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

"Nasikia, mama," anajibu Oddvar bila kusogea. "Nausikiliza ukuta wenu. Umepinda."

"Haujapinda!" anaruka Trygve, mwenye nyumba. "Ukuta huo nimeujenga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Ndiyo maana nimejua umepinda."

Bente anacheka mpaka inambidi aweke kikombe mezani. Trygve, mwanamume mnene mwenye soksi za sufu zilizotoboka kidole, anajaribu kukasirika, kisha anashindwa.

Kazi iliyomleta Oddvar hapa ni ubao mmoja tu. Ni ule ubao mwembamba unaopigiliwa chini ya ukuta ili kuziba ufa unaobaki juu ya sakafu, ambao mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili huuita skatingi. Trygve alilijenga jiko hili peke yake. Aliweka makabati, akatandika sakafu, akapaka rangi, akawaita majirani wakala keki. Akabakisha kipande kimoja kando ya friji, kisichozidi urefu wa mkono. Hiyo ilikuwa kabla mtoto wao wa kwanza hajazaliwa, na mtoto huyo sasa ana leseni ya udereva.

Asiyekuwa na kipande kama hicho katika mji huu wa Levanger, nchini Norwe, na anyooshe mkono. Mnorwe hujenga mwenyewe, na akishajenga hujisifu mwenyewe. Humwona mtu anayeita fundi kwa jambo dogo kuwa amedeka, labda hata ameharibika tabia. Basi huanza kwa kishindo wakati wa Pasaka, msumeno ukilia mtaa mzima, na hufika karibu sana na mwisho. Pale nguvu humwishia. Friji hurudishwa mahali pake, familia huhamia, na ubao wa mwisho hulala nyuma ya sofa ukisubiri wikiendi nzuri.

Wikiendi hiyo haiji. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika nyumba nyingi huumiza ndoa pia.

"Mimi si fundi wa mbao," anasema Oddvar, sasa akiwa amekaa kitako na kupangusa magoti. "Mimi ni fundi wa aibu. Mbao ni kisingizio."

Haongezi chumvi. Gari lake dogo jeupe halina maandishi hata herufi moja, kwa sababu wateja hawataki. Wengi hupiga simu kwa sauti ya kunong'ona na kumwomba aegeshe mbali. Leo ameegesha karibu na ghala la mashua, akapanda mlima kwa miguu huku amebeba msumeno na boksi la vifaa begani. Trygve alimfungulia mlango wa nyuma.

"Jirani yangu akimwona, nimekwisha," Trygve anaeleza, na haoni kichekesho chochote katika maneno hayo. "Yule bwana alijenga nyumba yake na ya mama mkwe wake."

"Jirani yako yupi?" anauliza Oddvar.

"Huyo mwenye nyumba ya njano."

Oddvar anaanza kupekua misumari ndani ya boksi kwa bidii sana. Bente anamtazama, anamtazama mumewe, kisha anatazama nyumba ya njano dirishani.

"Ala!" anasema. "Kumbe hata yeye!"

"Mimi sijasema neno," anajibu Oddvar.

Kukata kwenyewe hakuchukui muda. Oddvar hategemei sana rula. Anaushikilia ubao kwenye kona, anapitisha kidole gumba kwenye ufa, anachora alama kwa penseli, anakata, kisha anausugua kwa msasa kidogo upande mmoja ili ufuate kule kupinda ambako Trygve anakukana. Ubao unaingia na kutulia pale kama vile ndipo ulipozaliwa. Jiko lile lile lililokuwepo asubuhi linaonekana pana zaidi na limenyamaza zaidi, na Bente anaweka kiganja mdomoni.

Misumari ni mitatu. Oddvar anapiga miwili. Wa tatu anausimamisha kwenye ubao, kisha anamkabidhi Trygve nyundo.

Huu ndio utaratibu wake, na hajawahi kuuvunja. Msumari wa mwisho lazima apige mwenye nyumba, ili siku akiulizwa na wageni, "Ubao huu ameupigilia nani?" aweze kusema, "Mimi," na isiwe uongo.

Trygve anapiga. Msumari unapinda.

"Hata msumari nao!" anasema mkewe.

Anang'oa, anarudia, na safari hii unaingia. Trygve anabaki amepiga magoti, nyundo mkononi, anautazama ubao. Macho yake yamelowa kidogo, au pengine ni vumbi.

"Bente," anasema, "njoo uone nilichofanya."

Nje, njia imejaa kokoto zilizomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze, na sasa zinalia chini ya viatu. Oddvar anatembea polepole kuteremka kwenye gari. Ana umri wa miaka sabini na mmoja, ni mrefu, ameinama kidogo kuanzia mabegani, na ana tabia ya kusimama katikati ya sentensi ili kutazama kitu. Leo ni maji yanayokimbia mtaroni. Anayatazama kwa muda mrefu. Nami mwandishi nayatazama, maana hakuna lingine la kufanya.

Alifanya kazi kiwandani, akitengeneza fremu za madirisha, tangu ujana hadi kustaafu. Biashara hii aliianzisha baadaye. Hutoza kroni mia sita kwa ubao, uwe mfupi au mrefu, pamoja na kahawa. Wapo wanaolipa kwa samaki waliokaushwa kwa moshi au pande la nyama ya kulungu. Pamoja na pensheni, anasema, zinamtosha mtu anayekula peke yake.

Aliyempa wazo hilo ni mkewe, Gunnvor. Siku ya kwanza ya kustaafu alimkuta ameketi jikoni amekunja mikono, akamwambia, "Nenda ukamalizie nyumba za watu, huenda ukapata uzoefu."

Maana Oddvar naye ana ubao wake.

Jambo hili mji mzima unalijua, na mji mzima unalicheka. Fundi anayemalizia nyumba za wenzake, ndani kwake, kando ya mlango wa jiko, kuna ufa wazi ambao mtoto anaweza kupenyeza gari lake la kuchezea. Mganga hajigangi, watu husema, na wengi huishia hapo. Hawajui kwamba ule ufa ndio kitu ambacho Oddvar anakilinda kuliko vyote alivyonavyo.

Tunakaa ndani ya gari, tumeelekea majini. Anafungua mkate alioufunga kwa karatasi nyumbani, vipande viwili vyenye jibini ya kahawia, na kunipa kimoja bila kuuliza.

Nyumba yao waliijenga pamoja walipokuwa vijana, yeye na Gunnvor, wakisaidiwa na marafiki waliokuja kila Jumamosi na nyundo zao. Gunnvor alikuwa akifundisha kushona shuleni na hakuweza kuvumilia mshono usionyooka. Walihamia Desemba, sakafu bado ikinuka msonobari. Ukabaki ubao mmoja.

"Akaniambia, 'Oddvar, utaweka lini?' Nikamwambia, 'Kesho.'" Anatafuna kidogo. "Nilikuwa nimechoka, basi. Hakuna siri kubwa."

Kesho yake akauliza tena. Na mwaka uliofuata. Hatimaye "kesho" haikuwa ahadi tena, ikawa utani wa nyumba, kama jina ambalo watu wawili huitana wakiwa peke yao. Aliuliza wakati wa kifungua kinywa. Aliuliza akiwa wodini, amempakata Ingunn, binti yao wa pekee, ambaye hakuwa hata na siku moja duniani. Walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, marafiki waliwaletea ubao uliokatwa tayari, umefungwa utepe mwekundu, na Gunnvor akasimama kutoa hotuba.

Hotuba ile bado inakumbukwa. Kwa lugha yao ubao wa aina hii huitwa *list*, na neno hilo hilo maana yake nyingine ni hila. "Nilimwomba mume wangu ile ya kwanza," alisema Gunnvor mbele ya wageni, "akanipa ile ya pili." Watu walicheka mpaka mtu mmoja akaangusha sahani. Ubao wenye utepe ukaenda kulala nyuma ya sofa.

Kisha Gunnvor akaanza kusahau.

Kwanza zilikuwa funguo, baadaye njia ya kutoka dukani, baadaye majina. Sasa ni mwaka wa nne tangu ahamie kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa daraja. Oddvar humtembelea kila siku baada ya kazi. Katika mwaka wa kwanza Gunnvor alianza kumwita "bwana." Alimkaribisha kwa adabu, alimuuliza kama amesafiri salama, alimwambia kwamba mume wake atarudi muda si mrefu.

"Hilo la 'bwana' liliniuma," anasema Oddvar. Anakunja karatasi ya mkate mara nne. "Sikujua neno la heshima linaweza kuuma hivyo."

Ilikuwa mchana mmoja wa kawaida. Walikuwa wameketi dirishani, kimya, naye Oddvar anajiandaa kuondoka. Gunnvor akageuka, akamtazama usoni, akauliza, "Na ule ubao?"

"Nikasema, 'Bado.' Sikufikiri, lilinitoka tu. Akaniambia, 'Oddvar, we mvivu, we!' Akanitaja jina. Akacheka. Alikuwa yeye kabisa, mke wangu, kaketi pale."

Haikudumu zaidi ya muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Lakini siku iliyofuata aliuliza tena. Na siku nyingine tena. Majina yote yamekwenda, hata la Ingunn. Nyumba imekwenda, shule imekwenda, harusi imekwenda. Umebaki ubao, na nyuma ya ubao kuna Oddvar. Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Kwa mzee huyu deni lenyewe ndilo dawa.

Hakumwambia mtu yeyote. "Ningemwambia nani? Hayo ni mambo ya mtu na mkewe." Na hapo ndipo yalipotokea ya Pasaka ya mwaka jana.

Kaka yake alimshawishi wakapumzike kibandani mlimani, siku mbili tu, wateleze juu ya theluji kwa skii, wale machungwa na kukaa juani wakiegemea ukuta. Alikubali kwa shida. Huku nyuma, Ingunn na mumewe, Pål, walikuja kutoka Trondheim wakiwa na ufunguo wa akiba na nia njema.

"Nilitaka kumfanyia baba jambo moja tu," Ingunn anasimulia kwa simu, na sauti yake bado inapungua akifika hapa. "Na Mama pia. Nimekua nikimsikia Mama akidai ule ubao. Nikasema, angalau utimie kabla hajaondoka."

Waliutoa ubao nyuma ya sofa, wakaufungua utepe, wakaupigilia. Wakaziba matundu ya misumari na kupaka rangi nyeupe mara mbili. Wakapika maandazi bapa ya kuokwa kati ya vyuma viwili vya moto, yale ya umbo la moyo, wakakaa kumsubiri.

Oddvar aliingia, akavua viatu, akauona.

"Walikuwa wamesimama wanatabasamu, wote wawili," anasema. "Ulikuwa umewekwa vizuri, siwezi kusema uongo. Pål ana mkono. Nikasema ahsanteni. Nikala maandazi. Sikusikia ladha yake."

Kesho yake alikwenda kwa Gunnvor. Njiani alijiambia kwamba pengine leo hatauliza. Gunnvor aliuliza hata kabla mumewe hajakaa.

Mtu mwingine angesema "bado" na maisha yakaendelea. Nani angejua? Nilimuuliza Oddvar hivyo hivyo, naye akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe.

"Nimekuwa mvivu kwake maisha yangu yote," alisema. "Mwongo sijawahi."

Basi akamwambia mkewe kwamba ubao umeshawekwa.

Gunnvor alimgeukia. Akamtazama kwa upole. "Hongera," akasema. "Na wewe ni nani?"

"Oddvar."

"Hapana, bwana. Mimi namjua Oddvar. Oddvar hawezi kuweka ubao." Akamwita muuguzi, akaomba mgeni asindikizwe mlangoni, kwa sababu mume wake akifika na kumkuta hapo atajisikia vibaya.

Oddvar alirudi nyumbani kwa miguu, akasahau gari kule kule. Alichukua mtaimbo mdogo na patasi, akapiga magoti kando ya mlango wa jiko. Ingunn alitokea chumbani, akamkuta anang'oa. Alipiga kelele, akalia, akamuuliza kama amerukwa na akili. Hapo ndipo alipoambiwa, kwa mara ya kwanza, baba yake akiwa amempa mgongo na anaendelea kung'oa.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema Ingunn. "Halafu nikamshikia upande wa pili wa ubao."

Kazi ilikuwa ngumu, maana Pål, katika kupenda kwake, alikuwa ameongeza gundi. Ile gundi kali ambayo mwenye duka humwambia mnunuzi afikirie mara mbili. Ubao ulitoka na pande la ukuta. Pål alisimama mlangoni, masikio mekundu, akirudia, "Samahani, mzee, samahani sana, imeandikwa hudumu milele." Mwishowe Oddvar alianza kucheka, Ingunn akafuata, na watu watatu wazima wakakaa sakafuni katikati ya vipande vya plasta wakicheka na kufuta macho.

Ubao ukarudi nyuma ya sofa. Ingunn alitafuta ule utepe kwenye takataka, akaufunga tena.

"Sasa 'bado' ikawa ni bado kweli," anasema Oddvar.

Anawasha gari. Maji ya fiodi, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, yametulia, yana rangi ya maziwa, na ng'ambo milima inaonekana kama imechorwa na mtu aliyekuwa akisinzia. Tunavuka daraja. Njiani ananiambia jambo ambalo nadhani alikuwa akilizunguka tangu asubuhi. Tangu majira ya baridi, Gunnvor anauliza kwa nadra. Juma lililopita kulikuwa na siku ambazo hakuuliza kabisa.

"Huwezi kumkumbusha?" namuuliza.

"Nikiuliza mimi, nitakuwa nimejijibu mwenyewe." Anabadilisha gia. "Lazima litoke kwake."

Chumba cha Gunnvor kina dirisha kubwa na kiti kimoja kizuri. Ameketi juu ya kiti hicho, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, anapitisha vidole kwenye upindo wa blanketi kama anayekagua mshono. Ananitazama kwanza.

"Umeleta ile sketi?"

"Nimeisahau, mwalimu," najibu.

"Mnasahau kila kitu ninyi," anasema, bila ukali.

Kwa Oddvar anatikisa kichwa tu, kama vile watu wanavyosalimiana ndani ya basi. Mzee anavuta kigoda na kuketi karibu naye. Anaweka mikono magotini. Mikono ile ile ambayo asubuhi ilishika msumeno bila wasiwasi, sasa inashikana yenyewe kwa yenyewe. Muuguzi anapita na kahawa. Matone yanaanguka dirishani. Gunnvor anayatazama, na Oddvar anamtazama Gunnvor.

Muda unapita. Kahawa inapoa. Najikuta nimesahau kalamu na ninaomba, mimi ambaye si mwombaji, kwamba mwanamke huyu aseme neno moja.

Gunnvor anageuka kwa sababu ya kitu kidogo. Ameona unga wa mbao kwenye kiwiko cha koti la Oddvar. Bila kuutazama uso wake anaanza kuupangusa, kwa ule mkono mwepesi wa mke anayemwandaa mumewe atoke nje. Kisha mkono unapunguza mwendo. Anainusa ncha ya kidole.

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa Trygve na Bente," anasema Oddvar. Sauti yake ni ya chini sana. "Kule mlimani."

"Umewawekea ubao?"

"Nimewawekea."

Gunnvor anakunja uso. Anatafuta kitu mahali ambapo ni mbali, na inaonekana njia ni ndefu. Oddvar hamsaidii. Amezuia pumzi.

"Na kwangu?"

"Bado," anasema Oddvar.

"Oddvar Skjelbred!" Amekaa wima, macho yamewaka, na mgongo wa mwalimu wa kushona umerudi wote. "Unazunguka mji mzima na misumari, kwako unaruka! Huna hata haya! Na mgeni amekuja, sasa mgeni ataandika nini?"

"Ataandika kweli," anajibu Oddvar. Anacheka, na machozi yanamshuka hadi kidevuni, wala hayafuti.

"Aandike mvivu. Kwa herufi kubwa."

"Sikukuu ya taifa, tarehe kumi na saba Mei, nakuja kukuchukua," anamwambia. Ananong'ona upesi upesi, kama mtu anayepitisha mizigo kabla mlango haujafungwa. "Daktari ameruhusu. Ingunn ataleta keki ya stroberi, bendera itapanda, bendi ya watoto itapita barabarani. Utakaa jikoni kwenye kiti chako, pale ambapo ufa unaonekana vizuri, unitukane mchana kutwa mbele ya watu."

Gunnvor analifikiria hilo. Linampendeza.

"Utakuwa bado hujauweka?"

"Nitakuwa bado."

"Utauweka lini?"

"Kesho," anasema Oddvar.

"Kesho, kesho." Anauchukua mkono wa mumewe, anauweka juu ya blanketi na kuufunika kwa wake. Ameshaanza kutazama tena matone ya dirishani, na sauti yake inaanza kulegea. "Basi njoo kesho uniambie."